Uwanja Mpya wa Arusha: Tuhesabu Siku, Tuache Viti

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025 Simba walicheza mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mechi kubwa kama hizo nyumbani kwao ni kwa Mkapa, viti 60,000. Safari hii haikuwa hivyo. Mvua zilikuwa zimeharibu sehemu ya kuchezea, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wakaikataa, na fainali ikavuka bahari kwenda New Amaan, Unguja, panapoingia watu 15,000 hivi. Ikaisha 1-1, Berkane wakaondoka na kombe kwa jumla ya mabao 3-1, na ubishi wa VAR ukatushika wiki nzima. Mimi ni Yanga, kwa hiyo machungu yangu yalikuwa ya wastani. Nilichobaki nacho kichwani ni pilau.

Karibu na geti la Mkapa kuna mama lishe tuliyezoeana kwa miaka. Simba na Yanga wakikutana anapika masufuria matatu, na yanaisha kabla ya filimbi ya kwanza. Nilipomuuliza Jumapili ile aliuzia wapi, alinitazama kama mtu niliyeuliza swali la kitoto. "Kaka, watu si walikula? Nilipika moja nikaipeleka kibanda umiza. Walijaa mpaka dirishani."

Watu si walikula. Nimesoma kurasa nyingi za wachumi kuhusu viwanja vya michezo, na sijui kama kuna aliyelisema jambo hili kwa ufupi kuliko yeye. Shabiki wa Mbagala aliyepanga kutumia elfu kumi siku ya fainali aliitumia. Sehemu ilikwenda kwenye kiingilio cha kibanda umiza, kile chumba cha mtaani cha kutazama mpira kwenye TV, sehemu kwenye soda, sehemu kwenye pilau lile lile. Huko Unguja, boti zilijaa, gesti zilijaa, wauza urojo na mishkaki waliona neema. Ukiwa mkazi wa mtaa wa Amaan utaapa kwamba mpira unaleta uchumi. Ukiwa bodaboda wa Chang'ombe utaapa kwamba uchumi umeibiwa. Ukijumlisha Temeke na Unguja pamoja, kilichotokea kwa sehemu kubwa ni pesa kubadilisha mtaa.

Ninaanzia hapo kwa sababu Afrika Mashariki yote sasa hivi iko kwenye ujenzi. AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, tumepewa sisi watatu, Tanzania, Kenya na Uganda, na kila mmoja ana uwanja anaoujenga kwa ajili yake: Arusha, Nairobi na Hoima. Kila unapowekwa jiwe la msingi, sentensi ni ile ile: uwanja huu utainua uchumi wa eneo hili. Hakuna anayeulizwa, utauinua kwa njia gani?

Chukua wa Arusha, ule wa Olmoti. Mkataba ulisainiwa Machi 2024 na mkandarasi wa Kichina, China Railway Construction Engineering Group, kwa takribani shilingi bilioni 286. Viti ni 30,000. Fanya hesabu ya kwenye karatasi ya sigara. Tuseme tiketi ni shilingi 5,000 na kila kiti kimekaliwa: unakusanya milioni 150 kwa mechi moja. Ili kurudisha bilioni 286 unahitaji uwanja ujae zaidi ya mara 1,900. Ukijaa kila wiki bila kukosa, ni miaka 36 na ushee, na hapo hujalipa umeme wa taa, maji ya nyasi, mlinzi wala mshahara wa yule kijana anayeshinda na mashine ya kukatia majani. Tena hiyo pesa yote umeipa serikali. Timu haijachukua hata senti.

Najua jibu litakalokuja. Serikali haikujenga ili ikusanye viingilio, imejenga kwa faida ya jumla, kama barabara. Sawa. Barabara hatuidai irudishe gharama yake getini. Ila barabara hupitwa kila siku, na uwanja wa mpira ni kitu cha ajabu sana kwa kipimo hicho: ni jengo kubwa kuliko mengi mjini ambalo siku nyingi za mwaka limefungwa kufuli. Soko la Kilombero linafunguliwa alfajiri ya kila siku, stendi vivyo hivyo. Uwanja wa mpira ukiwa na mpangaji mzuri unapata labda siku 30 au 40 za watu wengi kwa mwaka. Arusha haina timu ya Ligi Kuu yenye mashabiki wa kujaza viti 30,000. Watu wa Arusha wanapenda mpira, hilo halina mjadala, lakini mioyo yao wameigawa kati ya Simba na Yanga kama watu wa kila mkoa. Kwa hiyo uwanja utajaa siku ambazo timu za Kariakoo zitapanda mlima. Hizo ni siku ngapi?

Mjini kati upo Sheikh Amri Abeid, uliopewa jina la mshairi yule aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Ni uwanja mkongwe, mali ya CCM kama ilivyo kwa viwanja vingi vya mikoani, na Mei Mosi ya kitaifa ya 2024 ilifanyika pale. Uko jirani na stendi. Tunaucheka kwa sababu umechoka, lakini ukivitazama viwanja vya aina hii mikoani utaona kitu ambacho michoro ya kisasa hukisahau: ukuta wake una fremu za maduka. Anayeuza vipuri hajali kama kuna mechi. Anafungua asubuhi, anafunga jioni, analipa kodi ya pango. Ni uwanja unaokula kwa mgongo wake. Uwanja wa kisasa unazungukwa na uzio, maegesho na bustani, umesimama peke yake kama harusi iliyokosa wageni.

Wamarekani wametangulia sana kwenye jambo hili, maana kule miji imekuwa ikiwajengea matajiri wenye timu viwanja kwa kodi za wananchi kwa miongo mingi, na wachumi wamekuwa wakifuatilia. Mwaka 1997 Roger Noll na Andrew Zimbalist walikusanya uchunguzi wa viwanja vingi wakakuta hakuna ulioonekana kukuza uchumi wa mji wake kiasi cha kulingana na pesa za umma zilizozikwa pale. Miaka ishirini na tano baadaye, John Charles Bradbury, Dennis Coates na Brad Humphreys walipitia tafiti zote zilizofuata wakafika pale pale. Wachumi ni watu wa kubishana hata kuhusu bei ya nyanya, lakini Chuo Kikuu cha Chicago kilipowauliza mabingwa wao mwaka 2017 kama ruzuku za viwanja zinawagharimu walipa kodi kuliko faida inayoonekana, wengi mno walijibu ndiyo.

Kuna jambo moja kwenye habari hizo za Marekani ambalo nataka tulikalie. Timu ya besiboli kule hucheza mechi 81 nyumbani kwa msimu. Siku themanini na moja za watu wanaolipa tiketi za dola, wanaokula na kunywa kwa dola. Na hata kwa siku 81, watafiti wakitafuta athari kwenye ajira na vipato vya mji hawaoni kitu cha maana, kwa sababu ile ile ya mama lishe: familia iliyokwenda uwanjani Jumamosi haikwenda sinema wala mgahawani. Sasa sisi tuna siku ngapi?

Ushahidi haujawazuia wanasiasa. Mwaka 2022 jimbo la New York pamoja na kaunti ya Erie walikubali kutoa dola milioni 850 kwa uwanja mpya wa Buffalo Bills, timu ya futiboli ya Kimarekani. Wapiga kura ndio wakati mwingine huweka breki: Aprili 2024 wakazi wa Jackson County, Missouri, walikataa kwa kura kodi ambayo ingegharimia viwanja vya timu zao mbili za Kansas City, na mojawapo ilikuwa imetoka kuchukua ubingwa wa nchi miezi miwili nyuma. Kwetu hakuna aliyeulizwa kwa kura. Tungeulizwa, nadhani tungesema ndiyo, na nitarudi kwenye hilo.

Nairobi hesabu ni kali zaidi, kwa sababu pale kuna deni lenye riba iliyoandikwa. Talanta, uwanja wa viti 60,000 ulioanzwa Machi 2024 karibu na Ngong Road, unagharimiwa kwa hatifungani ya shilingi za Kenya bilioni 44.79, miaka 15, riba asilimia 15.04, iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi Julai 2025. Kwa wawekezaji ni biashara tamu. Kwa mlipa kodi, riba ya mwaka mmoja kabla deni halijaanza kupungua ni kama bilioni 6.7. Tiketi ikiwa shilingi 500 na Talanta ikijaa hadi juu, zinapatikana milioni 30. Ili kulipa riba ya mwaka huo kwa viingilio, uwanja ujae mara 220 na zaidi. Gor Mahia na AFC Leopards wangelazimika kukutana karibu kila siku ya kazi, na nina hakika kufikia Machi wachezaji wangekuwa wamegoma. Pesa hiyo basi itatoka kwingine, kwenye mfuko wa umma, mwaka baada ya mwaka, iwe mpira umechezwa au haukuchezwa.

Turudi Arusha, kwenye hoja inayosikika zaidi: wageni. AFCON itajaza hoteli, wenye magari ya utalii watafanya kazi, wageni watapanda kwenda Ngorongoro. Hapa kalenda inatusaliti. Mashindano yamepangwa Juni na Julai 2027, na huo ndio mwanzo wa msimu wenyewe wa safari. Kiangazi kimeingia, nyumbu wanaelekea mto Mara, na vyumba vya Arusha vina wenyewe. Shabiki wa Senegal akichukua chumba ambacho Mjerumani angekilala akielekea Serengeti, mji haujapata mgeni wa ziada, umebadilisha tu. Na tusijidanganye kuhusu nani anaacha pesa nyingi zaidi: Mjerumani analipa gari, mpishi, kiingilio cha hifadhi na bakshishi kwa siku saba. Shabiki anataka kitanda na tiketi. Linganisha na Unguja ile Mei: masika, hoteli tupu, wahudumu wamepewa likizo. Pale wageni wa fainali walijaza vyumba ambavyo vingelala bure. Mpira ule ule, faida mbili tofauti kabisa, na tofauti imeletwa na mvua.

Afrika Kusini 2010 walijifunza hili kwa gharama. Wageni waliokuja kwa ajili ya Kombe la Dunia walikuwa kama 310,000, chini ya makadirio ya mwanzo yaliyotumika kuhalalisha ujenzi. Uwanja wa Cape Town ulikula takribani randi bilioni 4.4, na baada ya filimbi ya mwisho jiji likabaki linauhudumia mwaka hadi mwaka, mpaka ikafika watu wakapendekeza waziwazi ubomolewe. Ulipata nafuu pale timu ya raga ilipouhama uwanja wake wa kihistoria wa Newlands na kuhamia humo mwaka 2021. Miaka kumi na moja kumtafuta mpangaji, kwenye mji tajiri, wenye bahari, mlima na raga!

Pesa za ujenzi wenyewe? Zipo, na vijana wa Olmoti wamebeba zege, wamesuka nondo, mama wamewapikia. Hizo ni kazi halisi na sitazidharau. Lakini mkandarasi mkuu anatoka nje, na vyuma vya paa, viti, taa na skrini kubwa kwa kawaida huja kwa meli. Katika bilioni 286, sehemu iliyozunguka Arusha kwenye maduka ya saruji na magenge ya chakula ni kipande, na ilikoma au itakoma siku mkandarasi anapokabidhi funguo.

Kuna kundi moja limefaidika bila shaka yoyote, nalo limefichwa ndani ya lugha yetu. Uwanja umeleta viwanja. Nilipita upande ule na kuona bango la dalali: viwanja vimepimwa, dakika kumi kutoka uwanja wa AFCON, bei ya maelewano. Aliyenunua ekari kabla ya tangazo amekuwa tajiri akiwa amelala. Serikali iliyotoa pesa haikupata chochote kwenye kupanda kwa bei hiyo, maana hatuna utaratibu wa maana wa kumtoza aliyenufaika na ujirani wa mradi wa umma. Kama kuna mahali pa kubadilisha sheria kabla ya uwanja unaofuata, ningeanzia hapo.

Na kuna kundi ambalo watu hudhani litafaidika. Mama lishe, muuza jezi, kijana wa maji baridi. Mashindano makubwa yana wadhamini, na wadhamini hulipia eneo la kuzunguka uwanja liwe lao. Mwaka 2010 wachuuzi wa Afrika Kusini waliondolewa kwenye maeneo ya karibu na viwanja waliyokuwa wakiuzia. Brazil mwaka 2014, pale Salvador, mambo yalitaka kuwa hivyo hivyo kwa wanawake wanaokaanga acarajé, maandazi yale ya kunde kwenye mafuta ya mawese, ambao tangu zamani walikuwa wakiuza kwenye uwanja wa Fonte Nova. Wakapiga kelele, wakakusanya saini, na wachache wakaruhusiwa kuingia. Wachache, kwenye mji wao wenyewe. Halmashauri ya jiji la Arusha ina nafasi ya kulizungumza hili mapema, wakati mikataba ya maeneo ya biashara haijafungwa.

Niliahidi kurudi kwenye kura. Ningepiga ndiyo. Nilikuwa kwa Mkapa robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025 tulipofungwa na Morocco 1-0, na kelele ya watu wale hadi leo ikinijia nasisimka. Kuna raha ambazo nchi ina haki ya kuzinunua. Tunanunua Mwenge wa Uhuru, tunanunua gwaride. Ninachokataa ni kuuziwa raha kwa risiti ya uwekezaji, kwa sababu aliyeandikiwa uwekezaji hakai kupanga jinsi ya kuutunza, anasubiri ujilipe. Mkapa ulifunguliwa 2007 kwa msaada mkubwa wa China, na tumeutumia kweli kweli, lakini siku ulipohitajika kuliko zote katika historia ya klabu zetu, nyasi zilikuwa zimelowa na kuchoka. Viti 60,000 vikashindwa na viti 15,000 vilivyokuwa na majani mazuri.

Kigali wameanza upande mwingine. Ukumbi wao, BK Arena, wa watu 10,000, ulifunguliwa 2019. Ligi ya kikapu ya Afrika ikazinduliwa humo 2021, na fainali zake nne za kwanza zikafanyika humo humo. Kendrick Lamar aliimba pale Desemba 2023, John Legend akafuata Februari 2025. Benki imelipa kuweka jina lake ukutani. Sisemi wamepata faida, vitabu vyao sijavifungua. Nasema mtu mmoja, kwenye ofisi fulani, kazi yake ni kujaza kalenda. Kweli ukumbi una urahisi wake: hauna nyasi. Ukileta tamasha la Bongo Fleva kwenye uwanja wa mpira Jumamosi, Jumatano mwalimu wa timu atakulilia, na ndiyo maana idadi ya siku inatakiwa kuamuliwa kabla ya kuchora, pamoja na aina ya nyasi, mahali pa jukwaa na kama ukuta utakuwa na fremu.

Kwa hiyo waziri akisimama tena kutueleza kuhusu Olmoti, simuombi idadi ya viti, naijua. Namuomba karatasi moja: kalenda ya Septemba 2028. Mashindano yameisha, CAF wamekwenda zao, hakuna mgeni. Jumamosi ya kwanza kuna nini? Ya pili? Nani amelipa, nani anamwagilia, na bajeti ya kumwagilia iko kwenye fungu gani?

Wiki iliyopita nilikula tena pale Chang'ombe, nikamuuliza mama yule kama 2027 atapanda Arusha na masufuria yake. Akahesabu kwa vidole: nauli ya basi, gesti, gesi, na mahali pa kusimama ambapo mgambo hatamfikia. Vidole vikaisha mkono wa kwanza.

"Niende kufanya nini?" akasema, huku akitafuta chenji yangu kwenye mfuko wa khanga. "Kibanda umiza si kitakuwepo?"